Nembo na Nakala ya Pili

Nilistaafu mwezi uliopita, na wenzangu wadogo wa karakana wameniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Wameomba kurasa chache, kwa kuwa wao wana shughuli. Vyeo na mishahara sitavigusa. Aliyetaka kuvisikia alikuwepo siku ya kuniaga, na hotuba ilivitaja vyote, pamoja na cheo kimoja ambacho sikuwahi kupewa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ambazo hakuna anayeziona. Kifaa chenye kompyuta ndogo ndani yake, kikipata umeme, huwa hakijui lolote. Hakijui kina kumbukumbu kiasi gani, hakijui kimeunganishwa na nini, hakijui hata kwamba kipo. Inatakiwa programu fupi ya kukiamsha, ikague viungo vyake, kisha ikabidhi kazi kwa programu kubwa. Vitabuni inaitwa bootloader. Mzee Shomari aliiita kiamshi, na karakana nzima ikamfuata. Halafu kwa kila kiungo, iwe chipu ya kumbukumbu, modemu au kipima maji, unaandika kipande kinachojua kuzungumza nacho, na hicho ndicho draiva. Nilipomwambia mama yangu kule Berega kwamba naandika draiva, alifurahi sana, akaniuliza ni madereva wa mabasi ya kwenda wapi.

Karakana yetu ilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga pale Mabwerebwere, Kilosa mjini. Makao makuu yalikuwa Morogoro, mbali kiasi cha kutosha kutoa maagizo. Tulitengeneza visanduku vya kupima kina cha maji. Vilifungwa kando ya mto Mkondoa na kwenye vijito hadi upande wa Mikumi, kila kimoja na paneli yake ya sola, betri, modemu na skrini ndogo. Maji yakipita kiwango fulani, kisanduku kinatuma taarifa na king'ora kinalia mjini. Aliyewahi kuona Mkondoa ukiingia sebuleni bila kubisha hodi hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya kwanza nilifika na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki, nisije nikakikunja. Mzee Shomari alikuwa ameinamia meza, analehemu. Alikuwa fundi redio wa miaka mingi, mwenyeji wa Kilosa, na chuo alikuwa amekiona kwa nje alipokwenda kutengeneza spika zao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo mzee."

"Pole."

Akanipa kitabu cha maelezo ya chipu, kurasa mia nne, akaniambia nianze na sura inayoeleza chipu inavyoamka. Sikuianza. Niliandika draiva yangu ya kwanza kwa siku mbili, nikamwonyesha kwa majivuno. Aliisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari.

"Hapa unaiuliza chipu jina lake."

"Ndiyo."

"Isipojibu?"

"Itajibu."

"Nani kakwambia?"

Draiva yangu haikuwa na mstari hata mmoja wa hali hiyo. Nilidhani ananisumbua tu, kama wazee wanavyowasumbua wasomi. Ilinichukua mwaka mmoja na safari moja ya Mikumi kuelewa kwamba lile lilikuwa somo zima.

Kisanduku cha kijito kimoja kando ya barabara ya Mikumi kilikuwa na tabia ya kufa. Kilifanya kazi wiki nzima, halafu asubuhi moja kimya. Mtu akienda, akichomoa betri na kuirudisha, kinafufuka. Mezani kwetu kisanduku kama hicho hakikufa hata mara moja. Morogoro walilichunguza tatizo bila kuinuka vitini, wakaandika kwenye fomu: chanzo, nyani. Ni kweli nyani wapo Mikumi, na ni kweli waliwahi kung'oa antena moja na kukaa nayo barabarani kama maaskari wa usalama. Lakini nyani anayezima kisanduku bila kuacha hata alama ya ukucha, tena asubuhi tu, huyo anastahili kuajiriwa.

Tulipanga vyumba Mikumi, mimi changu na mzee chake, na kila alfajiri tukawa tunakwenda kukaa mbele ya kisanduku. Mzee Shomari alikuwa na mita yake ya kupimia umeme na thamosi ya chai. Mimi nilikuwa na kompyuta na nadharia kumi na moja. Siku ya nne, baada ya mawingu ya jana yake, tulikikuta kimezimika. Jua likaanza kutoka. Mzee akaniita.

"Njoo usome volti."

Nikasoma. Ilikuwa ikipanda kidogo kidogo, kama mtu anayeamka na homa.

"Kule mezani ukiwasha swichi, inapanda hivi?"

"Hapana. Inafika mara moja."

"Basi kule mezani unapima meza."

Hapo nikaelewa. Betri ikiisha, paneli inaleta umeme taratibu kadiri jua linavyopanda. Kompyuta inaamka kwa volti ndogo, lakini chipu ya kumbukumbu inataka zaidi, kwa hiyo inaamka baadaye. Draiva yangu ilikuwa inamwita mtu ambaye bado amelala, mara moja tu, ikikosa jibu inaandika kwamba hayupo duniani na kusimamisha kila kitu. Dawa yake ilikuwa mistari mitano: ngoja kidogo, uliza tena, ukikosa ngoja tena. Katika fomu ya Morogoro, palipoandikwa chanzo, nilifuta nyani nikaandika jina langu. Waliniambia mfumo haupokei majina ya watu kwenye nafasi hiyo. Mpaka leo kumbukumbu rasmi zinaonyesha nyani.

Miaka ikapita na kazi ikanikolea. Nilikiandikia kiamshi chetu utaratibu niliojivunia kuliko cheti. Ndani ya kila kisanduku tuliweka nakala mbili za programu kubwa. Tukituma toleo jipya kwa mtandao, linaandikwa juu ya ile nakala isiyotumika, linakaguliwa, na likiwa zima ndipo kiamshi kinahamia huko. Likiharibika njiani, kisanduku kinabaki na nakala ya zamani na kuendelea kupima maji bila kinyongo. Mzee Shomari alipousoma aliguna tu. Kwa watu waliomfahamu, huo ulikuwa wimbo wa sifa. Mwaka uleule akastaafu, akaenda kulima mpunga wake bondeni, nje kidogo ya Chanzuru, yeye na mkewe Bi Saumu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua.

Kisha tukapata meneja mpya. Sitamtaja jina, na yeye hatakasirika, kwa kuwa hasomi kitu kisicho na muhtasari. Alikuja kutoka Morogoro kuvikagua visanduku vyetu, akakiwasha kimoja, akakiangalia kwa huzuni.

"Kikiwaka, mtu anaona nini?"

"Kina cha maji, Meneja."

"Na sisi anatuona wapi?"

Basi ikaamuliwa kwamba kila kisanduku, kabla ya kusema lolote kuhusu mto, kionyeshe nembo ya kampuni: ua la buluu lenye tone la maji katikati, kwa rangi kamili. Nilipiga hesabu nikaona ua lile, pamoja na herufi zake za kupendeza, halienei. Nafasi pekee iliyokuwa na ukubwa huo ilikuwa ya nakala ya pili.

Kikao kilifanyika Morogoro, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nikaeleza. Meneja akasikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayemsubiri mwingine anyamaze.

"Hiyo nakala ya pili, kwa sasa inafanya kazi gani?"

"Kwa sasa haifanyi kazi. Inasubiri."

"Kwa hiyo tuna kitu ambacho hakifanyi kazi, na tuna nembo."

Wenzangu wakacheka. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema waandike kwamba mhandisi hakukubali. Badala yake nilifikiria safari ya kurudi Kilosa, nikafikiria jinsi ninavyochoka kuwa mtu wa kupinga, karatasi ikafika mbele yangu nikaisaini. Sambusa za kikaoni zilikuwa za moto. Naziandika hapa kwa sababu huwa mnaniuliza makosa makubwa yanafanana vipi, na mimi nawaambia yananukia vitunguu.

Toleo lenye nembo lilitumwa Ijumaa jioni, muda ambao watu wenye akili hawagusi kitu. Visanduku sita vililipokea vizuri. Cha saba, kile cha juu kabisa ya mto, kilikuwa chini ya mawingu kwa siku mbili na betri yake ilikuwa hoi. Umeme ukakatika katikati ya kuandika. Programu ya zamani ilikuwa imeshafutwa, mpya haijamalizika, na nyingine hakuna. Kiamshi kilipoamka hakikupata wa kumkabidhi kazi. Kikafanya jambo pekee lililobaki ndani ya uwezo wake.

Jumapili, saa mbili asubuhi, najiandaa kwenda kanisani, simu ikaita. Alikuwa Bi Mwajuma, mkulima ambaye kisanduku kile kilisimama kwenye mpaka wa shamba lake.

"Injinia, za asubuhi? Hiki kisanduku chenu leo kimependeza."

"Nzuri mama, shikamoo. Kimependezaje?"

"Marahaba. Kina ua. Ua zuri la buluu."

"Chini ya ua kinasema nini?"

"Hakisemi. Ua tu, tangu jana. Mimi nimekupigia kukuuliza, maana maji yameshapita ule mnazi wa jirani yangu Athumani, nikajiuliza kisanduku kinasherehekea nini."

Kilosa jua lilikuwa linawaka, nguo za jirani ziko kambani zinakauka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mto haukuwa na haja ya kututaarifu. Nilijua kutoka kwa Bi Mwajuma hadi mjini maji yanachukua kama saa moja na nusu. Nikampigia meneja. Alikuwa kwenye sherehe, nikasikia ngoma.

"Meneja, naomba idhini ya king'ora. Mkondoa unakuja."

Akafungua simu yake nyingine. "Kwangu hapa kisanduku cha saba kinaonyesha mita moja na nusu. Kijani."

"Hicho ni kipimo cha Ijumaa. Kisanduku kimekufa."

"Lakini ni kijani, Ester."

"Ni kijani kwa sababu kimekufa!"

"Andika barua pepe, nitaiona kesho. Hatuwezi kutisha mji mzima kwa maneno ya mama mmoja."

Nikakata simu. Nilikimbia hadi ofisini na gauni langu la kanisani. King'ora kilikuwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, na draiva yake niliiandika mimi, yenye ukaguzi wa namna tatu kuhakikisha kwamba mtu wa aina yangu hawezi kukiwasha peke yake. Ilikuwa draiva nzuri sana. Ilinikatalia mara tatu, kwa heshima. Nikafungua kifuniko, nikavuta nyaya mbili, nikaziunganisha kwa mkono. Kikalia.

Watu wa mabondeni karibu na mji walikisikia. Wengine walitoka kuja kuuliza nani kafa. Tukawaambia wapande juu, wakabishana, wakapanda. Lakini king'ora kile hakikufika Chanzuru, na simu ya Mzee Shomari ilikuwa inaita bila kupokelewa. Nikamtuma bodaboda, nikamwambia akifika amwambie mzee Ester kasema mto, asieleze zaidi.

Baadaye yule bodaboda na watu waliokuwa barabarani walinisimulia. Alimkuta Mzee Shomari shambani, simu kaiacha nyumbani kwenye chaji. Mzee hakuuliza swali. Alirudi nyumbani mbiombio, wakampandisha Bi Saumu kwenye pikipiki, na bodaboda akaondoka naye. Mzee akabaki kwa miguu yake. Maji yalimkuta njiani yakiwa magotini, kisha kiunoni, akayashika mashina ya miti moja baada ya jingine mpaka tuta la barabara, ambako watu walimvuta kwa kanga zilizofungwa pamoja. Aligeuka nyuma mara moja. Nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa imepiga magoti.

Hakufa mtu siku hiyo. Morogoro wakaliandika hilo kwenye ripoti kama mafanikio ya mfumo. Chanzo cha kimya cha kisanduku cha saba, wakaandika, ni hitilafu ya mtandao. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuwasha king'ora bila idhini na kuharibu nyaya mbili. Niliandika ukurasa mmoja wa kuongeza kwenye ripoti, unaoeleza nakala ya pili ilivyoondolewa, kwa ajili gani, na kwamba saini ni yangu. Ulirudishwa na maelezo kwamba hauwezi kuambatanishwa kwa kuwa haukuandikwa kwenye karatasi yenye nembo.

Nembo niliiondoa kwenye visanduku vyote ndani ya wiki moja, bila kikao. Meneja hakugundua kwa miezi mingi, maana huko kwenye visanduku hakuwa na sababu ya kwenda. Niliandika upya utaratibu wa nakala mbili, na ulipokamilika nikaona sasa naweza kumkabili mzee.

Walikuwa wamehifadhiwa kwa binti yao pale Mabwerebwere. Nilimkuta Mzee Shomari barazani, Bi Saumu ndani anasikika akichagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku tatu, yakanitoka yote kwa mpigo mmoja: nembo, kikao, saini, Ijumaa.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo haikuwa mtandao."

"Haikuwa mtandao, mzee. Nilikuwa mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Ile nakala ya pili umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu mezani. Inafanya kazi."

"Ulikata umeme ikiwa inaandika?"

"Mara kadhaa."

"Kadhaa ni ngapi?"

Nikaangalia sakafu. Zilikuwa nne.

"Radhi itasubiri," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake. Bi Saumu akauliza kutoka ndani anakwenda wapi na chai iko jikoni. "Kazini," akajibu, kana kwamba hakuwahi kustaafu.

Tulikaa mezani siku mbili nzima, mimi natuma toleo jipya, yeye anachomoa waya. Anachomoa mwanzo, anachomoa katikati, anachomoa karibu na mwisho, na kila mara mimi naandika kwenye daftari kama kisanduku kimeamka. Kiliamka mara mia moja na themanini na sita. Mara ya mia moja na themanini na saba hakikuamka.

Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Ili kiamshi kijue nakala ipi ni nzima, nilikuwa naiwekea alama. Katika kuhama kutoka nakala ya zamani kwenda mpya, nilifuta alama ya zamani kwanza, kisha nikaandika mpya. Kati ya mambo hayo mawili palikuwa na muda mfupi kuliko kufumba jicho, ambamo hakuna nakala yenye alama. Umeme ukikatika hapo, kisanduku kina programu mbili nzima na hakiamini hata moja. Kama angenisamehe pale barazani, ningekwenda kuvifunga visanduku saba vyenye kosa hilo, nikiwa tayari nimeshasamehewa.

Mzee Shomari aliweka waya mezani taratibu.

"Sasa niombe."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Anza na alama mpya, ya zamani ifute mwisho. Na kesho tunarudia kuhesabu kuanzia moja."

Tulirudia kuanzia moja. Tulipofika elfu, alikunywa chai yake, akaenda zake.

Masika yaliyofuata, asubuhi ya jua kali, kisanduku cha saba kilipima, kikatuma, na king'ora kikalia Kilosa bila mtu kukigusa. Safari hii tulikuwa tumefunga king'ora kingine Chanzuru. Wanawake waliacha maharage jikoni, wafanyabiashara wakafunga maduka wakiwa na wateja ndani, na kila mmoja akapanda juu na mkeka wake na malalamiko yake. Saa nzima ikapita, mto hauonekani. Nilipofika kule juu nilipokelewa kwa maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Mzee mmoja alisema vifaa hivi vinatengenezwa na watu wasio na kazi ya kufanya. Mama mmoja alitaka kujua nani atamlipia maharage yake yaliyoungua. Bi Saumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amemshika mumewe mkono, na hata yeye akaniambia jua ni kali mno.

Kisha maji yakafika, yakapita pale walipokuwa wamesimama saa moja kabla. Wakayatazama, wakarudi kunilaumu. Nimefanya kazi miaka mingi, na sijapata kutukanwa na watu wengi kiasi kile, wote wakiwa wazima.